UZI: Kuziba pengo la mfupa wa mnyama kwa kipandikizi cha maabara, kinachoweza na kisichoweza

Daktari wa Kwato (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Humu jukwaani huulizwa mara kwa mara kama mbwa, punda au ndama aliyepoteza kipande cha mfupa anaweza kuwekewa mfupa wa kiwandani, na majibu huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Ulaya yasiyotuhusu, na wapo wanaodhani kwamba chembechembe nyeupe zilizofungashwa vizuri zikimwagwa kwenye jeraha basi kazi imekwisha. Kundi la kwanza linapitwa na mengi, lakini la pili ndilo linaloumiza wanyama na mifuko ya wenye wanyama, na kwa ajili ya kundi hilo nimeona nifungue uzi.

Tutenganishe kwanza kuvunjika na kupungua. Mfupa uliovunjika tu, ncha zake zikirudishwa mahali pake na kutulizwa, hujiunga wenyewe: damu iliyovuja huganda, seli huanza kujenga gegedu laini, gegedu hilo hugeuka kuwa mfupa mchanga, na kwa miezi inayofuata mfupa huo huchongwa upya kufuata mzigo unaoubeba. Pengo ni jambo jingine kabisa. Gari likimgonga mbwa na kipande cha mfupa kikabaki barabarani, au daktari akilazimika kukata sehemu yenye saratani au iliyooza kwa usaha, hubaki nafasi ambayo seli za ncha mbili haziwezi kuivuka, na mahali pa mfupa hujaa nyama ya kovu. Makadirio yanayotumiwa na watafiti wengi ni kwamba pengo likifikia mara mbili hadi mbili na nusu ya kipenyo cha mfupa wenyewe, halitaziba hata mnyama akiishi maisha yake yote. Katika majaribio, pengo la aina hiyo kwenye muundi wa kondoo huwa la sentimita 3 hivi, na kwenye fuvu la panya milimita 8 zinatosha.

Njia ya zamani, ambayo mpaka leo nyingine zote hupimwa kwayo, ni kumchukulia mnyama mfupa wake mwenyewe. Kwa mbwa tunachota mfupa sponji, yaani ule laini wa ndani wenye vitundu, kutoka sehemu ya juu ya mguu wa mbele, karibu na bega, au kutoka nyonga. Kwa farasi na punda nyonga na kidari hutoa kiasi kizuri. Mfupa huo una mambo matatu kwa mpigo: seli hai zinazojenga, protini zinazoziamsha seli nyingine zije kujenga, na kiunzi chenye vitundu ambacho seli na mishipa ya damu hutambaa juu yake. Kasoro zake zinajulikana. Hautoshi pengo likiwa kubwa, unaongeza jeraha la pili, na unarefusha muda wa mnyama kulala chini ya dawa ya usingizi.

Kipandikizi cha kutengenezwa, kwa sehemu kubwa, kina jambo moja tu kati ya hayo matatu, nalo ni kiunzi. Kwa hiyo hakiungi mfupa. Anayeunga ni mnyama, kwa damu yake na seli zake, na kipandikizi kinampa njia ya kupita. Pasipo damu, au penye usaha, au pale ambapo ncha za mfupa zinacheza kila mnyama anapokanyaga, hata kipandikizi cha bei mbaya hubaki kuwa jiwe ndani ya nyama.

Vifaa vyenyewe ni vya koo kadhaa. Jasi ni ya zamani mno: mwaka 1892 daktari Mjerumani, Dreesmann, aliandika kuhusu kujaza mashimo ya mifupa kwa jasi ileile ya plasta, na hadi leo salfeti ya kalsiamu inatumika, ingawa huyeyuka ndani ya wiki chache na mara nyingi huondoka kabla mfupa haujafika. Mwaka 1920 Fred Albee wa Marekani alijaribu fosfeti ya kalsiamu kwa sungura, na kutoka hapo ukaja ukoo mkubwa wa kauri za fosfeti. Haidroksiapataiti, ambayo inakaribiana sana na madini ya mfupa wenyewe, ikichomwa vizuri hukaa mwilini kwa miaka. Trikalsiamu fosfeti huliwa na mwili kwa miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi, nafasi yake ikichukuliwa na mfupa. Ndiyo maana watengenezaji wengi huzichanganya, moja ishike umbo na nyingine ipishe.

Kioo hai nacho kina kisa chake. Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida alikitengeneza mwaka 1969, baada ya afisa mmoja wa jeshi la Marekani kumuuliza ndani ya basi kama kuna kitu ambacho mwili wa askari aliyejeruhiwa Vietnam hautakikataa. Asilimia 45 ya uzito wake ni silika, iliyobaki ni sodiamu, kalsiamu na fosforasi kidogo. Vipande vidogo viliwekwa kwenye mifupa ya paja ya panya, na baada ya wiki sita daktari aliyeviweka alijaribu kuvitoa akashindwa, kwa sababu mfupa ulikuwa umeshikamana navyo.

Ukoo wa mwisho ni wa plastiki zinazoyeyuka, kama asidi ya poliliaktiki, ambayo maji ya mwilini huikatakata pole pole. Mabamba, pini na skrubu za chuma siziweki katika orodha hii, maana kazi yake si kuziba pengo bali kulishika pengo lisicheze wakati linazibwa. Watu wengi wanachanganya hapo.

Karibuni kwa maswali na pingamizi.

Bi Mkubwa wa Mbuzi

Asante kwa somo, mwanangu. Mimi nafuga mbuzi Kongwa, na hapa kwetu mbuzi akivunjika mguu tunafunga mabanzi na kamba, wengine wanapona na wengine tunawachinja. Sasa nikisoma haya najiuliza kama nimekuwa nikiwachinja bure wale ambao wangeweza kuwekewa hivyo vipandikizi.

Daktari wa Kwato

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapana, hukuwachinja bure. Mbuzi aliyevunjika bila ngozi kupasuka na bila kupoteza mfupa hahitaji kipandikizi cha aina yoyote. Anahitaji kufungwa vizuri. Hogo la plasta linalofunika kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika linamtosha mbuzi mdogo, na ndama ambaye mguu wake umevunjika wakati wa kuvutwa azaliwe pia huwa hivyo hivyo. Mabanzi yenu si mabaya yakiwa na pamba ya kutosha chini yake na yasipokazwa mpaka damu ikakatika. Ukigusa kwato ukaona ni ya baridi, au ukisikia harufu, fungua siku hiyo hiyo.

Kuna na jambo ambalo wafugaji hawaambiwi. Mnyama wa kuliwa ana masharti yake. Vipandikizi vingi vya kutibu usaha wa mfupa hubeba dawa ya gentamaisini, na dawa hiyo hung'ang'ania kwenye figo za ng'ombe kwa muda mrefu sana, kiasi kwamba ushauri unaotolewa ni kusubiri hata miezi 18 kabla ya kuchinja. Kwa dume la mbegu lenye thamani kubwa hesabu hiyo inaweza kukubalika. Kwa mbuzi wa kupeleka mnadani, hapana.

Mfinyanzi

Mimi si daktari, nimesomea uhandisi wa vifaa, na nina la kuongeza upande wa utengenezaji kwa sababu malighafi tunazo mlangoni. Mfupa wa ng'ombe kutoka machinjioni, ukichemshwa ukatolewa mafuta na kisha ukachomwa kwenye tanuru kwa nyuzi joto 900 hivi, hupoteza kila kitu kilichokuwa nyama, mafuta au kolajeni, ile protini inayoushikanisha mfupa. Mwanzoni hugeuka mweusi kwa kaboni, halafu kijivu, na mwishowe unabaki mweupe kabisa, mwepesi, unaolia ukigongwa kwa kucha. Hicho kilichobaki kwa sehemu kubwa ni haidroksiapataiti, pamoja na kaboneti, magnesiamu na sodiamu kidogo. Maganda ya mayai yanatoa kalsiamu ambayo ikichanganywa na fosfeti kwa njia sahihi hufika mahali hapo hapo.

Kutengeneza kiunzi chenye vitundu nako si muujiza. Njia moja inayofahamika sana ni kuchukua sponji ya poliyurethani, ya aina ileile ya magodoro, kuichovya kwenye uji wa unga wa kauri, kuikamua ili uji ubaki kwenye kuta tu bila kuziba vitundu, kuikausha, kisha kuichoma taratibu mpaka sponji iungue na kutoweka. Moto ukipandishwa hadi karibu nyuzi 1,250, chembe za kauri hushikana, na unabaki na jiwe lenye umbo la ile sponji. Moto ukizidi sana kupita hapo haidroksiapataiti huanza kuvunjika na kugeuka kitu kingine. Ukubwa wa vitundu una maana: chini ya mikromita 100 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita) mishipa ya damu hupita kwa shida, na wengi hupendelea mikromita 300 na kuendelea.

Swali langu kwa Daktari: kama kazi yenyewe inaweza kufanyika kwa tanuru lililopo katika maabara yoyote ya kauri, mbona tunaendelea kuagiza nje?

Daktari wa Kwato

Ndugu Mfinyanzi, umeeleza vizuri kuliko nilivyoweza mimi, na nitakujibu kwa uwazi. Kutengeneza kipande kimoja kizuri si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye kutengeneza vipande mia vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na vitundu vilevile, bila metali nzito iliyotoka kwenye lishe au maji ya yule ng'ombe, bila kaboni iliyobaki ndani kwa sababu tanuru halikushika joto sawasawa, na bila ufa usioonekana kwa macho. Kauri yenye vitundu ni dhaifu sana ikipindwa. Ukiishika kwa vidole utadhani ni imara, lakini ukiikaza kwa skrubu inapasuka, na vipande vyake vikisambaa kwenye misuli havitoki kirahisi.

Kuua vijidudu ni jambo la pili. Kauri inavumilia joto, unaweza kuiweka kwenye mtungi wa mvuke wa nyuzi 121 bila shida. Ila anayetaka kuiga kwa plastiki ajihadhari: polikaprolaktoni, ambayo wengi hupenda kuichapisha kwa mashine za 3D, huyeyuka kwa nyuzi 60 tu, kwa hiyo ukiiweka kwenye mtungi huo utafungua na kukuta ujiuji. Hiyo huhitaji gesi maalumu au mionzi, na hapo ndipo wengi wetu tunakwama.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba inawezekana kufanyika hapa, na ningependa ifanyike, ikianzia maabarani na kupita kwenye kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama. Isianzie kwenye mbwa wa mteja.

Msomaji wa Kabete

Habari zenu nyote. Nimefuatilia uzi huu kwa makini, nami nina pingamizi moja kwa Daktari. Umesema kipandikizi kina kiunzi tu. Hilo lilikuwa kweli kwa vifaa vya zamani, lakini kuna ushahidi kutoka bara letu hili unaolitikisa. Ugo Ripamonti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, aliweka vipande vyenye vitundu vya haidroksiapataiti, vilivyotokana na matumbawe, ndani ya misuli ya tumbo ya nyani. Zingatieni kwamba ni ndani ya msuli, mahali ambapo hakuna mfupa wowote wa jirani wa kuazima seli. Baada ya miezi kadhaa mfupa uliota mle ndani, bila protini yoyote kuongezwa. Matokeo yake ya mwanzoni yalichapishwa miaka ya 1990 na yamerudiwa mara nyingi. Ikiwa umbo la vitundu na madini yake vinaweza kuamsha mfupa msulini, basi kipandikizi kinafanya zaidi ya kupisha.

Pia tusizisahau protini zenyewe. Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha mwaka 1965 kwamba mfupa ulioondolewa madini kwa asidi, ukiwekwa kwenye msuli wa sungura na wanyama wengine wadogo, huzalisha mfupa mpya, na uchunguzi huo ndio uliofungua njia ya kuzipata protini zinazoamuru seli zijenge mfupa. Leo hutengenezwa maabarani. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, madaktari Verstraete na Arzi wamezitumia kwa mbwa waliokatwa sehemu ya taya la chini: bamba la titani linashika ncha mbili, na katikati huwekwa kipande cha kolajeni chenye chembechembe za kauri kilicholoweshwa kwa protini hiyo. Mbwa huondoka hospitali akiwa na pengo, na katika wiki zinazofuata taya jipya huanza kushikika kwa mkono. Ukiona hayo utasema kipandikizi ni kiunzi tu?

Daktari wa Kwato

Daktari mwenzangu wa Kabete, pingamizi lako ni zito na nimelipenda. Kuhusu protini, hatutofautiani: ukiongeza protini umeongeza jambo la pili kati ya yale matatu, na hicho si kiunzi kitupu tena. Kuhusu nyani wa Ripamonti, nakubali kwamba ni kweli, ila niweke mambo mawili ambayo kwa daktari wa wanyama ni makubwa. Kwanza, tabia hiyo hutofautiana mno kati ya spishi. Kauri inayootesha mfupa katika msuli wa mbwa au wa nyani mara nyingi huwa kimya ikiwekwa katika msuli wa panya au sungura. Kwa hiyo anayetuuzia bidhaa kwa ushahidi wa sungura, au anayetuahidi matokeo ya nyani kwa punda, tumwombe ushahidi wa punda. Pili, ilichukua miezi. Mbwa mwenye pengo kwenye mguu hana muda huo. Bamba lake linapinda kila anapokanyaga, na chuma kinachopindwa maelfu ya mara bila msaada wa mfupa huchoka na kukatika. Ni mashindano kati ya mfupa kuota na chuma kuchoka.

Protini nazo zina tahadhari zake. Zinapotolewa kwa wingi na kuvuja nje ya pengo huleta uvimbe mkali na mfupa usiotakiwa. Kwa binadamu zilikubaliwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya huko ikatoa onyo kuhusu uvimbe unaohatarisha pumzi zinapotumika shingoni. Ndiyo maana nilivutiwa zaidi na kazi ya Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, iliyotangazwa mwaka 2017. Mbwa jike aitwaye Eva alikuwa amegongwa na gari, mguu wa mbele ukapata maambukizi na kubaki na pengo la sentimita 2, na kilichosubiriwa kilikuwa kuukata. Watafiti walipaka vipande vya mfupa tabaka jembamba la polima (aina ya plastiki) linaloshika protini juu ya uso wake, hivyo kiasi kidogo kikatosha kwa sababu hakikuvuja, na mguu ukapona. Fedha za utafiti huo zilitoka kwa sehemu kwenye shirika la hisani lililoanzishwa na mwanasoka Sir Bobby Charlton kwa ajili ya waathirika wa mabomu ya ardhini. (Wenzetu wa Morogoro watatabasamu hapa, maana panya wa kunusa mabomu hayo hayo wanafundishwa pale Sokoine.)

Mpita Njia

Nauliza kwa nia njema. Hao nyani, kondoo na panya waliotobolewa mafuvu, nani aliwaombea ruhusa? Inanitia shaka kwamba elimu yote hii inajengwa juu ya wanyama wazima waliovunjwa makusudi ili binadamu apone.

Msomaji wa Kabete

Ni swali la haki, ndugu. Tangu mwaka 1959 wanasayansi Waingereza Russell na Burch walipoandika kanuni zao, utafiti unaoheshimika unatakiwa ujiulize maswali matatu kabla ya kugusa mnyama: je, kuna njia isiyohitaji mnyama, kama haipo, idadi inaweza kupunguzwa, na maumivu yanaweza kupunguzwa vipi. Hazifuatwi kila mahali kama inavyopasa, hilo nakubali. Lakini angalia Eva na wale mbwa wa Davis: hao hawakuvunjwa na mtu kwa ajili ya utafiti, walikuwa wagonjwa tayari, na matibabu yao yaliandikwa kwa uangalifu ili wengine wajifunze. Mimi naona huko ndiko madaktari wa wanyama tunakopaswa kuelekea, kwa sababu hospitali zetu zina wagonjwa wa kweli wengi kuliko maabara yoyote.

Mlinzi wa Boma

Daktari, naomba nikuletee la kwangu, nipo Arusha. Nina mbwa dume aina ya Jamani Shefadi, bado kijana, aligongwa na pikipiki mguu wa mbele chini ya kiwiko. Alifanyiwa upasuaji mahali fulani, akawekewa bamba, baada ya muda pakaanza kutoka usaha. Bamba likatolewa pamoja na vipande vya mfupa vilivyokuwa vimekufa, na sasa nimeambiwa kuna pengo la kama sentimita 3. Nimeshauriwa mambo mawili tofauti: mmoja anasema mguu ukatwe, mwingine anasema niagize chembechembe za kauri kutoka nje, zijazwe, wiki ijayo. Fedha ninazo kwa njia moja, si kwa zote mbili. Nifanyeje?

Daktari wa Kwato

Pole sana, ndugu. Sijamwona mbwa, kwa hiyo pokea haya kama maswali ya kumpelekea daktari wako.

La kwanza, kauri isiwekwe wiki ijayo. Kitu chochote kigeni kikiwekwa penye vijidudu huwa makazi yao. Hujenga utando juu yake ambao dawa za kuchoma au kumeza hazipenyi, na utakuwa umenunua usaha mpya kwa bei ghali. Kabla ya kufikiria kujaza, majimaji au kipande cha nyama cha ndani kabisa kipelekwe maabara kuoteshwa, ijulikane ni kijidudu gani na kinasikia dawa gani. Usaha unaotoka juu ya ngozi usitumike, unadanganya.

La pili, kuna njia ya hatua mbili ambayo kwa mazingira yetu naiona kuwa na akili zaidi ya zote. Aliianzisha daktari Mfaransa, Masquelet, miaka ya 1980 kwa binadamu, na imeshatumika kwa mbwa na paka. Hatua ya kwanza, pengo husafishwa mpaka mfupa unaovuja damu, mguu hushikwa imara, mara nyingi kwa pini na fremu ya nje, na katikati ya pengo huwekwa gogo dogo la sementi ya mifupa iliyochanganywa na dawa ya vijidudu. Sementi hiyo ni ileile inayotumika kushikia nyonga bandia za binadamu. Inapoganda hutoa joto kali, ndiyo sababu huchaguliwa dawa zinazovumilia joto kama gentamaisini au vankomaisini, na daktari humwagia maji ya chumvi ya baridi ili nyama ya jirani isiungue. Dawa huvuja pole pole mahali penyewe kwa kiwango ambacho damu isingekifikisha.

Halafu mnasubiri, kwa kawaida wiki sita hadi nane. Katika muda huo mwili unalizingira lile gogo kwa ngozi nyembamba yenye mishipa mingi ya damu na protini za kuamsha mfupa. Hatua ya pili, ngozi hiyo hupasuliwa kwa uangalifu, sementi hutolewa, na mfuko uliobaki hujazwa mfupa sponji wa mbwa mwenyewe. Hapo sasa, mfupa wake usipotosha, ndipo chembechembe za kauri zina kazi: huchanganywa humo kama nyongeza, zikiwa zimezungukwa na seli hai na damu. Kauri ile ile, kwa mbwa yule yule, wiki ijayo ni hasara na miezi miwili baadaye ni msaada.

La tatu, kukatwa mguu si ushauri wa kijinga. Mbwa mwenye miguu mitatu huishi vizuri kuliko wengi wanavyodhani, hasa akiwa kijana na asiye mnene, na anaachana na maumivu mara moja. Ukiona kwamba huwezi kumzuia asikimbie kwa miezi kadhaa, au hakuna wa kusafisha mashimo ya pini kila siku, basi kukata kunaweza kuwa huruma kubwa zaidi kuliko kujenga.

Mpita Njia

Na hii habari ya kuchapisha mfupa wa titani kwa kompyuta? Nilisoma kuhusu mbwa wa Kanada aliyewekewa fuvu jipya. Kwa nini asiwekewe kipande kilichopimwa sawasawa, mambo yakaisha kwa upasuaji mmoja?

Mfinyanzi

Huyo ni Patches, mbwa mdogo aina ya Dachshund, mwaka 2018. Alikuwa na uvimbe wa saratani uliokuwa umeukalia ubongo, na Dkt. Michelle Oblak wa Chuo Kikuu cha Guelph pamoja na timu yake waliondoa takriban asilimia 70 ya sehemu ya juu ya fuvu na kuweka bamba la titani lililochapishwa kufuata picha zake za CT. Kazi nzuri mno. Lakini fuvu halibebi uzito wa mwili. Kazi ya bamba lile ni kuufunika ubongo, na hata mfupa usipoota tena chini yake mbwa anaishi.

Mguu ni habari nyingine. Mfupa mgumu una ukakamavu, yaani kiasi unavyokataa kupindwa, wa gigapaskali 10 hadi 20 hivi, aloi ya titani inayotumika sana ina kama 110, na chuma cha pua kinakaribia 200. Kitu kigumu kikibeba mzigo wote, mfupa wa pembeni unakosa kazi, na mfupa usio na kazi hupungua. Wachapishaji hujaribu kupunguza ukakamavu huo kwa kuifanya titani iwe na matundu kama wavu, na mfupa huingia humo na kushikana nayo vizuri. Tabia hiyo ya titani mtafiti Brånemark aliiona Uswidi miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura. Ila titani haiyeyuki. Mbwa kijana atakaa nayo maisha yake yote, na usaha ukirudi itabidi itolewe yote.

Daktari wa Kwato

Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba kwa mbwa wa Arusha mwenye historia ya usaha, mimi nisingeweka titani yenye matundu, hata kama ningepewa bure.

Mlinzi wa Boma

Nimewaelewa. Nimemweleza daktari wangu habari ya sementi, anaifahamu, na anasema anaweza kuifanya akipata msaidizi. Kesho tunapiga eksirei upya. Nikiziweka hapa utaziangalia?

Daktari wa Kwato

Nitaziangalia, na naamini daktari wa Kabete naye atafanya hivyo. Zipigwe mbili, moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni, zote zionyeshe kiwiko na kifundo, na pembeni ya mguu, kwa kimo kilekile cha mfupa, uwekwe kitu cha chuma ambacho urefu wake mmeupima, ili tuweze kulipima pengo kwa milimita badala ya kubahatisha. Mwombe pia akupe jibu la maabara la kuotesha vijidudu kama limeshatoka. Ukiziweka, futa jina lako na namba ya simu kwenye kona ya picha.